Tulikwenda Luxor na Aswan pamoja, tukarudi hatusemezani

Dada Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari hapa Mwanza, umri wangu miaka 41. Huwa nasoma unavyowajibu wengine, sikudhani kama nami itafika siku nitakuandikia. Jambo lenyewe linamhusu rafiki yangu wa tangu kidato cha kwanza. Yeye ni fundi cherehani, ana kibanda chake sokoni, na gauni nililoolewa nalo alilishona yeye kwa usiku mbili bila kunidai hata senti.

Tukiwa kidato cha pili, mwalimu wetu wa jiografia alichora Mto Nile ubaoni. Alianza na ziwa letu hili, akatokea Jinja, akapandisha chaki mpaka juu kabisa ya ubao, kwenye Bahari ya Mediterania. Mwenzangu akaninong'oneza kwamba siku moja tutayafuata hayo maji. Ilikuwa ahadi ya kitoto lakini hakuna aliyeisahau. Miaka mitatu iliyopita tukaanza kuweka fedha kila mwezi kwenye laini moja ya simu, tukaiita kibubu. Desemba iliyopita shule zilipofungwa tukaenda Misri. Siku nane: nne Luxor, nne Aswan.

Ratiba niliandaa mimi, nilijaza daftari zima. Siku ya kwanza tulikwenda hekalu la Karnak. Dada, ule ukumbi wa nguzo 134! Za katikati zinakaribia mita 21 kwenda juu, unainua shingo mpaka inauma. Mwenzangu alifurahi sana siku ile. Alikuwa ananionyesha marinda ya nguo zilizochongwa ukutani, anasema aliyechonga pale alikuwa anakijua kitambaa. Jioni tukaifuata njia ya sanamu zenye mwili wa simba, karibu kilomita 3, hadi hekalu la Luxor lenyewe, tukauona msikiti wa Abu Haggag uliokaa juu ndani ya hekalu. Mlango wake wa zamani sasa unaning'inia hewani, kwa sababu ulipojengwa hekalu lilikuwa limefukiwa. Tulicheka, tukala, tukalala vizuri.

Siku ya pili tukavuka mto kwenda ng'ambo ya magharibi, Bonde la Wafalme. Mambo yalianzia hapo. Tiketi ya kawaida inakupa makaburi matatu, mimi nikalipia zaidi ili tumwone Farao Tutankhamun. Bado amelala mle mle kaburini mwake, ndani ya sanduku la kioo, amefunikwa shuka, kichwa na miguu viko nje. Mwenzangu alitazama kidogo, akageuka, akapanda ngazi. Nilipotoka nikamkuta kivulini, anasema kichwa kinamgonga. Mengine niliingia peke yangu. Siku ya tatu nikampeleka kwenye makaburi ya wakuu, kwa waziri Ramose. Kuna ukuta umechorwa kundi la wanawake wanaoomboleza, mikono juu, machozi yanawatiririka mashavuni. Nilikuwa namweleza kwamba picha ile ina zaidi ya miaka 3,300. Akaniacha nazungumza, akatoka nje. Siku ya nne akabaki hotelini, akasema makaburi yamemtosha. Nikaenda peke yangu kwenye hekalu la Hatshepsut, yule farao mwanamke, kuiona ukutani ile safari ya wajumbe wake kwenda nchi ya Punt, kitu ninachokifundisha kila mwaka, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Tukapanda treni kwenda Aswan. Nikadhani mji mpya utamrudisha. Nilikuwa nimekodi gari la sisi wawili kwenda hekalu la Abu Simbel, karibu kilomita 280 jangwani, mnatoka saa kumi alfajiri. Usiku wa kuamkia safari akasema haendi. Nikaenda na dereva tu. Nikasimama mbele ya sanamu nne za Farao Ramses, kila moja ina kama mita 20, mlima uliokatwakatwa kati ya 1964 na 1968 ukapandishwa mita 65 ili usizame kwenye maji ya bwawa, na machozi yananitoka, lakini si ya furaha. Kurudi nikaambiwa amekodi mashua amekwenda kijiji cha Wanubi. Alirejea jua likizama. Kutwa nzima alikuwa amekaa na bibi mmoja wa Kinubi, wanakunywa rozela ya moto, na alikuwa amemshonea yule bibi pindo la pazia kwa mkono.

Halafu siku ya mwisho, kwenye hekalu la Philae, yeye ndiye akawa hataki kuondoka! Kule ni kisiwani, mwenye mashua anakusubiri na anapiga kelele, yeye kaganda mbele ya ukuta mmoja ambapo mungu wa kike Isis anamnyonyesha mwanawe Horus. Nusu saa nzima. Nilimwita mara tatu, mwisho nikamvuta mkono.

Usiku ule nilishindwa kujizuia. Nikamwambia niliweka fedha miaka mitatu nije na rafiki, si nije na mzigo, na kwamba kumbe amefuata Misri kushona mapazia. Hakupandisha sauti. Alisema maneno matatu tu: "Wafu wako hawaumi." Sikumwelewa. Kwenye ndege hatukusemezana, na mpaka leo.

Labda niongeze kwamba mwenzangu si yule wa zamani tangu mama yake afariki, Machi mwaka jana. Walizika kwao Ukerewe. Mimi sikuweza kwenda, nilikuwa nasimamia mitihani ya nusu muhula, nikatuma rambirambi. Nilidhani safari itamchangamsha.

Sasa ameniletea ujumbe kwamba tugawane kilichobaki kwenye kibubu, kila mtu achukue chake. Fedha hizo zilikuwa za kwenda Jinja Juni hii, kuona maji yanapotokea baada ya kuona yanapopita. Mimi nawaza, kabla ya kugawana, nimkate ile ya gari la Abu Simbel, laki nne na ushee, pamoja na ya mashua yake. Nimkate? Nimwombe radhi kwa kumwita mzigo, wakati yeye ndiye aliyeniharibia safari ya maisha yangu? Au niuache urafiki wa miaka 27 ufe?

Mwalimu, Mwanza

* * *

Marahaba, mdogo wangu mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa upande wako, kwa sababu najua uchungu wa kuona kitu ulichokitamani tangu utoto halafu ukigeuka huna wa kumwambia "tazama". Mara ya pili nikaanzia mwisho, kwenye ile aya uliyoifungua kwa "labda niongeze". Aya hiyo ndiyo ilistahili kuwa ya kwanza. Nakuomba uisome tena barua yako mwenyewe ukianzia hapo, kisha ushuke taratibu siku kwa siku.

Wewe unajua kuliko mimi kwa nini pale Luxor kila kitu kina ng'ambo yake. Watu wa kale walijenga mji na mahekalu makubwa ya miungu yao mashariki, jua linakochomoza, wafu wakawapeleka magharibi, linakozama. Kuvuka mto kwenda magharibi ilikuwa ndiyo safari ya maiti. Mtalii hilo halimgusi, anavuka na kofia yake na chupa ya maji. Lakini mwenzako alivuka akiwa na miezi tisa tu tangu amzike mama yake, na kwa siku mbili mfululizo ukamtoa kaburi moja ukamwingiza jingine.

Mbele ya kile kioo wewe ulimwona Tutankhamun, kijana aliyekufa na umri wa kama miaka 19, ambaye kaburi lake liligunduliwa na mwanaakiolojia Howard Carter mwaka 1922. Yeye aliona miguu iliyotoka nje ya shuka. Mtoto wa kike aliyefiwa na mama ndiye anayeitwa chumbani kuosha, au kushika kanga wakati wengine wanaosha. Miguu ile anaijua. Kisha ukampeleka kwa Ramose. Ule ukuta nimeuona kwa macho yangu. Wale wanawake wamesimama wamebanana, nguo nyeupe, mikono imeinuliwa mbele ya uso, na katikati yao kuna kitoto cha kike uchi, nacho kimeinua mikono kwa kuwaiga wakubwa. Siwezi kuuona ukuta ule kama historia, na mimi wakati ule sikuwa na msiba. Ndivyo tunavyolia. Shangazi zake walilia hivyo hivyo uani kule Ukerewe, na watoto wakiwa wanachungulia. Wewe uliposema miaka 3,300, kwake ilikuwa Machi.

Ndiyo maana alikuambia wafu wako hawaumi. Wafu unaowajua wewe wana namba za makaburi na miaka ya utawala, unaweza kuwataja mmoja mmoja bila sauti kukatika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kukupakulia ugali. Mama wa rafiki yako, nina hakika, alikupakulia.

Na neno lile lina upande wa pili, nao nitakuambia kwa sababu umeniuliza. Umesafiri zaidi ya kilomita 3,000 kwenda kuangalia makaburi ya watu usiowajua. La mama yake liko ng'ambo ya ziwa unaloliona kila siku ukienda kazini, safari ya kivuko, na hujalifikia. Sikulaumu kwa siku ya maziko. Najua mwalimu hapewi ruhusa kirahisi wakati wa mitihani, tena kwa msiba ambao si wa damu. Lakini Juni shule zilifungwa. Septemba ilipita. Huenda hakuwahi kukutamkia, na huenda hata yeye hakujua kwamba jambo hilo limemkaa kifuani, mpaka alipokuona unashuka ngazi za makaburi ya Wamisri kwa hamu, daftari mkononi.

Usidhani nakuhukumu. Nilipomzika mama yangu, shoga yangu alinipeleka kwenye harusi ili nichangamke. Alinilipia mchango, akaniazima na hereni. Nilikaa pale saa nne nimeshika sahani ya pilau, sioni wala sisikii. Alinipenda kwa dhati, na alikosea. Nawe ulipodhani safari itamchangamsha ulikuwa unampenda. Ila hukumuuliza. Katika barua ndefu namna hii umenitajia idadi ya nguzo, urefu wa sanamu na mita ambazo mlima ulipandishwa, lakini sijaona mahali ulipomuuliza mwenzako: "Una nini?"

Yeye naye ana lake, na kama angeniandikia yeye ningemwambia. Kusema kichwa kinamgonga wakati kinachouma ni kingine, kumekuacha wewe ukibahatisha. Rafiki wa miaka 27 anastahili kuambiwa ukweli mlangoni, si kuachwa anazungumza peke yake mbele ya ukuta. Lakini mwenye msiba mara nyingi hajui kitakachomkamata mpaka kimemkamata. Labda alipokuwa anafunga sanduku Mwanza aliamini kabisa kwamba anakwenda kutalii. Na kwa nini hakusema siku ya pili, baada ya kile kioo? Kwa maoni yangu alikuwa anakulinda. Safari ilikuwa na umri wa miaka 26, hakutaka kuwa yeye wa kuivunja. Alikwenda tena siku ya tatu. Ile siku ya tatu alikufanyia wewe.

Sasa tuje Philae, maana hapo ndipo nilipoiweka barua yako mezani nikanyamaza kidogo.

Kisiwa kile chote, mwalimu, ni nyumba ya mwanamke aliyefiwa. Unaijua hadithi: Osiris, mume wa Isis, anauawa na ndugu yake Seth, mwili unakatwa vipande na kutawanywa, na Isis pamoja na dada yake Nephthys wanazunguka nchi nzima wakilia na kukusanya. Jirani na Philae kuna kisiwa cha Biga, na Wamisri waliamini Osiris amezikwa hapo. Kila baada ya siku 10 makuhani walikuwa wanaipakia sanamu ya Isis kwenye mashua na kuivusha, ili akalimwagie maziwa kaburi la mumewe. Kila siku 10, vizazi kwa vizazi. Watu walishikilia ibada ile kuliko mahali pengine popote Misri, na maandishi ya mwisho kabisa ya kihieroglifu, yale ya picha ya Wamisri wa kale, yanayojulikana yalichongwa hapo hapo, mwaka 394 baada ya Kristo. Ndiyo maana mahali pale hapafanani na Karnak. Karnak inakuambia nani alikuwa na nguvu. Philae inakuambia mtu alifiwa, na kwamba hakuona aibu kuendelea kurudi kaburini.

Mwenzako ni fundi, hakuwa na daftari. Lakini kati ya kuta zote za siku nane aliuchagua ule wa mama anayenyonyesha mwanawe kwenye mafunjo. Alipata ukuta mmoja ambao haukumwonyesha maiti, ulimwonyesha mama akiwa mama. Akasimama nao nusu saa, huenda ndiyo nusu saa ya kwanza tangu Machi kupumua sawasawa. Nawe ukamvuta mkono kwa sababu ya mwenye mashua.

Radhi ya kwanza unayodaiwa ni ya hapo. Lile neno "mzigo" ni baya na utalifuta, lakini mkono ule ndio uliouma zaidi.

Na yule bibi wa Kinubi. Umeandika habari ya pazia kama mtu anayesimulia upuuzi, nami naona ndiyo siku aliyosafiri kweli. Ulipokuwa Abu Simbel ulikumbuka kwamba mlima ulikatwa na kupandishwa ili usizame. Basi kumbuka pia kilichozama. Bwawa kubwa la Aswan lilipojengwa, Wanubi wapatao 50,000 wa upande wa Misri walihamishwa, miaka ya 1963 na 1964, wengi wakapelekwa eneo la Kom Ombo, mbali na nyumba zao za kandokando ya mto. Mahekalu makubwa yalipata wafadhili wa dunia nzima. Vijiji, mitende na makaburi ya wazee wao vilibaki chini, leo viko ndani ya Ziwa Nasser. Bibi yoyote wa Kinubi wa umri mkubwa pale Aswan, kama si yeye basi ni jamaa zake, ana wafu walio chini ya maji. Hatujui walielewana kwa lugha gani. Lakini mtu anayeomboleza hutambuliwa haraka na mwenzake, na fundi aliyefiwa akishika sindano anakuwa amepata cha kufanya. Siku ukipewa nafasi, muulize pazia lilikuwa la rangi gani. Utashangaa ni mangapi atakusimulia.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Usimkate hata shilingi. Gari lililipwa na kibubu, kibubu ni cha wawili, kwa hiyo nusu ya laki nne hiyo ni yake na hakupanda. Amelipia kiti alichokiacha wazi, na wewe ndiye uliyesafiri kwa nafasi. Mashua ya kijijini haiwezi kufika nusu hiyo. Ukianza kupiga hesabu kwa haki, utajikuta wewe ndiye unayedaiwa. Kama anataka mgawane, mgawane siku hiyo hiyo, nusu kwa nusu, bila kuuliza anazifanyia nini. Jinja ni ya hapa hapa Afrika Mashariki, usiitumie kumshikilia.

Kisha nenda kwake. Usiandike ujumbe wa simu, na usimtume mtu wa kati. Nenda kibandani jioni, wateja wakiwa wamepungua. Usibebe picha za Abu Simbel. Usianze na "nisamehe lakini", kwa sababu hiyo "lakini" ndiyo atakayoisikia. Mwambie jambo dogo la kweli: "Nisamehe nilikuvuta mkono pale Philae. Na nisamehe sikuja kumzika mama." Halafu nyamaza. Hapo itakuwa vigumu kwako, walimu hatupendi darasa likikaa kimya (ndiyo, nami nilishika chaki miaka mingi). Akiendelea kukanyaga cherehani bila kukutazama, vuta kigoda ukae. Akitokwa na machozi, usimweleze kitu. Akikufukuza, ondoka kwa adabu na urudi wiki ijayo, si kwa sababu utakuwa unambembeleza, bali kwa sababu ulikosa miezi tisa, na miezi hiyo hailipiki kwa jioni moja.

Kuna wasomaji wengine watakaoisoma barua hii huku nao wanaweka fedha kwa safari kama yenu, na sipendi waogope kwenda, kwa sababu nchi ile inastahili kila senti. Nendeni kati ya Oktoba na Aprili, kabla joto la Aswan halijavuka nyuzi 40. Msipange ng'ambo ya magharibi siku mbili zikifuatana. Mkitoka kwenye makaburi leo, kesho kaeni mtoni, au sokoni, au katika mahekalu ya mashariki ambako kuna upepo na anga, na makaburi matatu kwa asubuhi moja yanatosha hata kwa mwenye moyo mzima. Philae, patana na mwenye mashua kuhusu muda wa kusubiri kabla hamjapanda, uongeze na saa moja juu, ili asiwepo mtu wa kuvutwa mkono. Wekeni noti ndogo ndogo za bakshishi, neno ni hilo hilo letu, mtalisikia tangu asubuhi. Na kila mmoja apewe siku moja ya kwake ambayo haina maelezo: mmoja aende Abu Simbel na mwingine akae na bibi anywe rozela, usiku mkutane kwenye chakula kila mtu asimulie alichokiona. Kama mngekubaliana hivyo mapema, ile siku yako ya sanamu nne ingekuwa nzuri, maana peke yako si lazima iwe upweke.

Nakujibu tukiwa Februari. Mwezi ujao mama yake anatimiza mwaka, na mwaka wa kwanza huwa na uzito wake. Sijui kama familia imepanga ibada, au watajenga kaburi, au atakwenda yeye tu kupalilia majani. Ndilo swali la kumuuliza, baada ya radhi na si kabla. Omba ruhusa shuleni sasa, siku mbili, na safari hii usitume bahasha. Akisema anataka kwenda peke yake, mlipie nauli ya kivuko cha Nansio na umwache aende. Akisema twendeni, vaa kanga, beba kijembe kidogo cha kupalilia na maji ya kunywa ya watu wawili. Daftari liache nyumbani. Mkifika muombe akuonyeshe kaburi lilipo, na umwache yeye ndiye azungumze, hata akisimama nusu saa.

Dada Mkubwa